Abu Huraira na Paka Wake

Ndugu msomaji, wajua kwa nini Sahaba huyu aliitwa Abu Huraira, yaani baba wa kipaka? Alikuwa wa kabila la Daus, Yemen. Akichunga mbuzi wa kwao, alikuwa na mtoto wa paka: usiku akimweka mtini, mchana akienda naye na kucheza naye. Mwaka wa 7 Hijria akafika Madina, akaishi msikitini na maskini wa Suffa. Njaa ilimkaba, lakini alipokea Hadithi zaidi ya 5,000, mojawapo ile ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa.

Basi wewe, paka akikujia mkia juu wakati wa futari, akajisugua miguuni mwako, usimpige teke. Hiyo ndiyo salamu yake, amekuzoea. Mpe japo kichwa cha samaki.