Ava Gardner: Mwigizaji Aliyenyimwa Sauti Yake

Ava Lavinia Gardner alizaliwa tarehe 24 Desemba 1922 katika kitongoji cha Grabtown, jimbo la North Carolina, Marekani. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, mkulima wa tumbaku, alifariki mwaka wa 1938, Ava akiwa na umri wa miaka 15.

Safari yake ya usanii ilianzia kwenye picha. Shemeji yake, aliyekuwa mpigapicha jijini New York, aliitundika picha yake dirishani mwa studio, na mwaka wa 1941 kampuni ya filamu ya MGM ikampa mkataba. Kampuni hiyo iliupenda uso wake lakini haikuipenda lafudhi yake ya kusini, hivyo ikamtafutia mwalimu wa matamshi amnyooshe ulimi. Filamu ya The Killers ya mwaka wa 1946 ndiyo iliyompa umaarufu. Katika Show Boat ya mwaka wa 1951 alijifunza na kuziimba nyimbo za mhusika wake, lakini watazamaji walisikia sauti ya mwimbaji mwingine, Annette Warren.

Kwetu Afrika Mashariki, Gardner anafungamana na filamu ya Mogambo, iliyoelekezwa na John Ford na kutolewa mwaka wa 1953. Alifika Kenya Novemba 1952, majuma machache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Akiigiza pamoja na Clark Gable na Grace Kelly, alionyesha ucheshi na uchungu kwa ustadi uliomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar, uteuzi wake wa pekee maishani.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili, awe Kitale au Bungoma, hana budi kulidadisi jina la filamu hiyo. Ughaibuni limefasiriwa mara nyingi kuwa neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Kamusi zetu hazilitambui. Tulilo nalo ni mgambo, wito wa hadhara ambao wahenga walitufunza kwamba ukilia pana jambo. Aidha, Wasamburu, Wahaya na Wagenia walioshiriki walitambulishwa kwa makabila yao, si kwa majina yao.

Gardner aliendelea kung'ara katika The Barefoot Contessa mwaka wa 1954 na The Night of the Iguana mwaka wa 1964. Aliishi Uhispania, kisha akahamia London, alikofariki tarehe 25 Januari 1990. Alizikwa Smithfield, karibu na alikozaliwa.

Maisha yake yanatufunza kuwa tasnia iliyomwondolea msanii lafudhi ya kwao haikuona vigumu kutuundia neno lisilo letu. Kumsifu Gardner kwa kipaji chake ni haki. Kulisahihisha jina la Mogambo ni wajibu wetu.