Mchungaji John Curwen na Herufi za Nyimbo

Katika sharika zetu nyingi mwalimu wa kwaya huandika ubaoni herufi d, r, m, f, s, l, t, na watu wasiojua kupiga kinanda huimba wimbo wasiopata kuusikia. Lakini ni wachache wanaojua herufi hizo zilikotoka. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari za Mchungaji John Curwen, ili ijulikane ya kuwa kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja, wala ya taifa moja.

Curwen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816, huko Heckmondwike katika nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji, naye akaifuata kazi ya babaye. Aliwapenda watoto, akawa mwalimu hodari. Walakini jambo moja lilimshinda, maana hakuweza kusoma muziki. Kila alipozitazama nota katika mistari yake mitano, zilimtatiza. Basi mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutanika mjini Hull, wakamwagiza yeye atafute njia iliyo nyepesi ya kuwafundisha watu kuimba.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana, na aliyeiona alikuwa mwanamke. Bibi Sarah Glover, binti wa mchungaji, aliwafundisha watoto mjini Norwich kuimba kwa herufi, na mwaka 1835 alitoa kitabu cha kuieleza njia yake. Curwen alikisoma, na kwa muda mfupi yale yaliyomshinda yakawa wazi. Katika njia hii d si sauti moja isiyobadilika, bali ni makao ya wimbo; wimbo ukipandishwa au ukishushwa, d huhama pamoja nao, na ujamaa wa sauti hubaki ule ule. Tena nyimbo hupigwa chapa kwa herufi za kawaida, hata vitabu vikawa vya bei nafuu, maskini akaweza kununua.

Curwen alibadili mambo kadhaa katika njia ya Bibi Glover pasipo kumwuliza kwanza, naye bibi hakupendezwa. Lakini Curwen hakulificha jina lake, bali alikiri mbele ya watu ya kuwa msingi ni wa bibi huyo. Hata kwa Wafaransa hakuona haya kujifunza: majina ya kuhesabia mapigo ya wimbo aliyapata katika mafundisho ya Aimé Paris.

Mwaka 1844 alikwenda kuchunga usharika wa Plaistow, karibu na London. Mwaka 1853 chama cha kueneza njia hii kiliundwa, na mwaka 1864 aliacha uchungaji wa usharika apate kuifanya kazi hii peke yake. Wanafunzi hawakuwa watoto tu. Wafanyakazi wazima nao walikuja madarasani jioni, baada ya kazi zao. Mwaka 1869 chuo cha walimu kikaanzishwa. Curwen alifariki tarehe 26 Mei 1880.

Lakini kazi yake haikufa. Wamisionari walizichukua herufi hizo mpaka Madagaska na Afrika ya Kusini. Huko Afrika ya Kusini mwalimu Enoch Sontonga alizitumia kuandika wimbo alioutunga mwaka 1897, ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Naye Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1967, alizichukua ishara za mkono za Curwen kwa ajili ya shule za nchi yake. Mwaka 1953 walimu wa mataifa mengi walikutana Brussels, kwa mwito wa UNESCO, kushauriana juu ya muziki katika malezi ya vijana na watu wazima, wakaunda umoja wao.

Basi, ndugu wapendwa, tusiwaachie wanakwaya peke yao sifa za Mungu, nao wazee na akina mama wakae kimya mabenchini. Mwenye kujua herufi hizi na amfundishe asiyejua, na asiyejua asione haya, awe mzee, awe mwalimu, awe mchungaji. Curwen naye alianza kwa kutojua, akafundishwa na kitabu cha mwanamke aliyewafundisha watoto.