Pesa ya Mizani ya Sayyid Barghash

Mwenye duka mmoja wa Nakuru, ambaye babu yake alitoka Mombasa na kufuata reli iliyofika mji huo mwaka 1900, alinionyesha kidani cha fedha kilichofungiwa pesa ya shaba. Upande mmoja pana jina la Sultani kwa Kiarabu. Upande wa pili pana mizani na mwaka 1299 wa Hijra, yaani takriban 1882. Nyumbani mwao huitwa pesa ya bahati. Alitaka kujua thamani yake. Nikaona kwanza tumjue aliyeipiga.

Sayyid Barghash alikuwa mwana wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yake alipofariki mwaka 1856, kiti cha Unguja kilikwenda kwa nduguye, Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliasi, akashindwa, akapelekwa Bombay. Baadaye alirudi akasubiri, na Majid alipofariki mwaka 1870 akatawazwa yeye.

Mwanzo wake ulikuwa mzito. Mwaka 1872 tufani iling'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu zake. Mwaka uliofuata Waingereza walimshurutisha kufunga soko la watumwa. Soko lile lilikuwa dhulma, na kufungwa kwake kulikuwa kheri, ijapokuwa hakulifunga kwa hiari yake.

Hata hivyo hakukaa akijuta. Alileta maji ya mfereji mjini, akaanzisha kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya dini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Alipiga pia sarafu za dhahabu, riale za fedha na hizi pesa za shaba zenye mizani.

Lakini wakubwa wa Ulaya walikuwa na mizani yao. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilisimama mbele ya jumba lake. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza waligawana bara, naye akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Nchi ya Naivasha na Baringo, ilikopita misafara ya watu wa pwani kutafuta pembe, ikahesabiwa upande wa Waingereza. Alifariki Machi 1888, punde tu baada ya kurudi kutoka Omani alikokwenda kutafuta afya.

Basi nilimjibu mwenyeji wangu hivi. Wakusanyaji wa sarafu hushindania zaidi za dhahabu, ambazo ni adimu mno, kisha riale za fedha. Pesa za shaba zimebaki nyingi, na iliyosuguliwa au kulehemiwa na sonara hushuka bei. Ama bahati, hiyo yatoka kwa Mola peke yake. Lau shaba ingeweza kuileta, ingalianza kwa mwenye kuipiga.

Thamani yake ni ushahidi. Utawala ule umekwisha, na Nakuru haikupata kuwa ndani ya mpaka aliobakishiwa, lakini babu yake aliibeba hadi huko. Asiisugue, asiiuze kwa pupa, na wanawe awafundishe kulisoma jina lililomo.