Sayyid Barghash na Maili Kumi za Pwani

Ukikaa barazani Mombasa baada ya tarawehe, kahawa chungu mkononi, wazee wakianza habari za maili kumi hakosi mmoja kusema kwamba Barghash ndiye aliyetuuza. Neno hilo mimi nimelisikia tangu niko chuoni nasoma juzuu. Lakini nilipoyafuata maisha yake nikaona kuuza si neno lake hasa. Hebu tuyaangalie pamoja.

Barghash bin Said alikuwa mtoto wa Sayyid Said, aliyefariki baharini mwaka 1856 akitoka Omani kurudi Unguja. Barghash alikuwa naye melini, na ndiye aliyemleta babake kuzikwa. Kiti kikashikwa na nduguye Majid. Mwaka 1859 Barghash akataka kukichukua kwa nguvu, na dada yake Salme, binti mdogo aliyejua kuandika, akamsaidia kwa barua. Waingereza wakamuunga mkono Majid kwa askari wa manowari, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Kumbuka jina la huyo Salme, tutalirudia.

Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akakalia kiti. Mengi aliyoyafanya nadhani aliyaona Bombay. Alivuta maji ya mfereji kutoka chemchemi mpaka mjini, watu wakayapata bure. Alileta mtambo wa kupiga chapa vitabu vya dini. Alinunua meli za moshi zake mwenyewe, zikienda Bombay na kurudi na mchele. Na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, ile iliyobomoka upande mmoja Disemba 2020, ikasikitisha wengi.

Sasa, dola yenyewe ilikuwa ya namna gani? Ilikuwa ni dola ya biashara. Bara Sultani hakuwa na jeshi la kutajika; alikuwa na maliwali kwenye bandari na nyumba za forodha. Pembe za ndovu zikishuka na misafara, nguo za merikani na shanga zikipanda, yeye anapata ushuru wake. Lakini ushuru huo nao ulikuwa umefungwa. Mikataba ya babake na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839 ilisema bidhaa zao zisitozwe zaidi ya asilimia 5. Na forodha yenyewe ilikuwa ikikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, wengi wao wakihesabiwa kuwa raia wa Uingereza. Yaani kisu ni chake, mpini umeshikwa na mwingine.

Mwaka 1872 ulikuwa mzito. Tufani kubwa iliing'oa mikarafuu ya Unguja, na mwaka huohuo meli za barua za kampuni ya Mskoti mmoja, William Mackinnon, zikaanza kufika. Mwaka 1873 Waingereza wakamtaka afunge soko la watumwa na biashara yake ya baharini, la sivyo watazuia kisiwa kwa manowari. Akatia sahihi. Hapa tusijidanganye kwa sababu ni wetu: utajiri wa karafuu ulibebwa na migongo ya watumwa, na hilo soko lilistahili kufungwa. Lakini Barghash alijifunza jambo jingine pia, kwamba hata katika mji wake kuna mtu anayeweza kumwamuru.

Mackinnon hakutosheka na meli. Mwaka 1877 aliomba kukodi utawala na forodha za bara kwa miaka 70, na Barghash alikuwa tayari. Mambo yakavunjika mwaka uliofuata, maana serikali ya London haikutaka kumshika mkono Mackinnon. Wakati huo Barghash alimtegemea sana balozi wa Kiingereza, John Kirk, kama mshauri na rafiki.

Mwisho wa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters na wenzake wachache wakavuka bara kimyakimya, wakawatilisha machifu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami alama kwenye karatasi. Mapema 1885 serikali yao ikazipa karatasi zile ulinzi. Barghash akalalamika. Jibu lake lilikuja Agosti 1885: manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Na ndani ya msafara huo alikuwamo nani? Salme, ambaye alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akabaki mjane. Wajerumani walimleta pamoja na watoto wake kumtia Sultani kishindo. Barghash akamtazamia Kirk amsaidie, lakini London ilimhitaji Bismarck kwa mambo ya Misri, na Kirk akaamriwa asipinge. Sultani akakubali.

Mwaka 1886 watatu wakapita mwambao kuupima: Mjerumani, Mfaransa, na Mwingereza aitwaye Kitchener, yuleyule aliyekuja kuivamia Sudan baadaye. Mtu wa Barghash hakuwamo. Wakaamua kwamba mamlaka yake kwenye mwambao ni upana wa maili 10 tu kutoka baharini, na nchi iliyo nyuma yake Waingereza na Wajerumani wakagawana. Hayo maili kumi yanayozungumzwa barazani, basi, hayakuwa zawadi ya Sultani kwa mtu. Ndiyo aliyobakishiwa.

Tarehe 24 Mei 1887, akiwa na manowari mbili za mataifa mawili akilini, alimpa Mackinnon na wenzake utawala wa mwambao kutoka mto Umba mpaka Kipini kwa miaka 50, kwa jina lake na chini ya bendera yake. Machi 1888 akafariki, Allah amrehemu. Septemba mwaka huo Malkia akaipa kampuni hati ya kifalme.

Kampuni yenyewe haikufika mbali, ilifilisika mapema. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikainunua kwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilikuwa fedha za Zanzibar yenyewe, zile walizolipa Wajerumani kwa upande wao wa mwambao. Kisha Sultani akawa analipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya mwambao na 6,000 riba ya pesa zake zilizotumika. Bendera nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus mpaka Disemba 1963.