Askofu Hannington na Shemasi Aliyebaki Nyuma



Baadhi ya familia zetu wana ndugu wanaoishi Jinja na Mbale. Wakitembeleana hupita Iganga. Ukiiacha barabara hiyo pale Iganga ukaelekea kusini, upande wa ziwa, unafika wilaya ya Mayuge, na huko kuna mahali panapoitwa Kyando. Ndipo alipouawa Askofu James Hannington. Kanisa la Uganda humkumbuka kila tarehe 29 Oktoba. Tumeona vema kusimulia maisha yake, kwa sababu katikati yetu limeingia swali baya: ni nani mkubwa na ni nani mdogo katika kazi ya Mungu?

Hannington alizaliwa Uingereza mwaka 1847. Utotoni alikuwa mtundu, hata akapoteza kidole gumba kwa kuchezea baruti. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi katika biashara ya baba yake, na baadaye akawa mchungaji. Mwaka 1882 alikuja Afrika Mashariki kama mmisionari, lakini aliugua sana akarudi kwao. Alipopona hakukataa kutumwa tena. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa jimbo kubwa la Afrika ya mashariki, na mwanzoni mwa 1885 akafika Mombasa.

Karibu na Mombasa, huko Rabai na Frere Town, waliishi watu wengi waliotoka utumwani. Walikuwa wameng'olewa makwao kama sisi. Mmoja wao alikuwa William Jones, Myao aliyetekwa akiwa mtoto. Alikombolewa, akasomeshwa na wamisionari India, kisha akarudi Afrika kufundisha Rabai. Mwaka huohuo wa 1885 askofu alimwekea mikono kuwa shemasi.

Mwezi wa Julai walianza safari kwenda Buganda pamoja na wapagazi zaidi ya 200. Walifuata njia fupi inayopita nchi ya Wamasai. Lakini watu wa Buganda waliogopa sana wageni watokao mashariki, wakidhani wanakuja kuiteka nchi. Wamisionari waliokuwa Buganda waliijua hofu hiyo, ila onyo lao halikumfikia askofu kwa wakati.

Walipofika mahali panapoitwa leo Mumias, magharibi mwa Kenya, Hannington aligawa kazi. Yeye angetangulia na watu 50. Jones angebaki na wapagazi wengine na mizigo, angojee habari. Hebu fikirini, wapendwa. Shemasi amevumilia njia yote ile, na sasa anaambiwa abaki. Alibaki.

Huko Busoga, Hannington alikamatwa na watu wa chifu Luba, akafungwa siku nane hivi. Aliugua homa, na usiku fisi alilia karibu naye. Aliendelea kuandika katika daftari lake, akasema kwamba Zaburi ya 30 ilimtia nguvu. Amri ya Kabaka Mwanga ilipofika, aliuawa tarehe 29 Oktoba 1885, kabla hajafika Mto Nile. Wapagazi wake nao waliuawa, wakaokoka wachache tu. Majina yao hatuyasikii yakisomwa kanisani, lakini Mungu anawajua mmoja mmoja.

Waliookoka walimletea Jones habari. Aliendelea kungoja kwa muda, akitumaini labda si kweli. Mwishowe akawakusanya watu, akashika njia ndefu ya kurudi. Februari 1886 waliingia Rabai wamebeba bendera iliyoandikwa neno Ikabodi, jina la mtoto tunayemsoma katika 1 Samweli 4. Wake na watoto wengi waliopoteza tumaini walipokea waume na baba zao wakiwa hai.

Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe mwisho wa mwaka 1892. Daftari lake lilipatikana, likachapishwa. Watu wengi wanalijua jina la Hannington, na wachache wanalijua la Jones. Lakini kama Jones angekataa kubaki, nani angewarudisha watu wale?

Ndugu zetu, wengi wetu tulikuwa na vyeo kule tulikotoka: wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya, walimu. Hapa tumekuta nafasi zimejaa. Wengine wamekaa pembeni, wanasema hawawezi kushika ufunguo wa kanisa au kufagia. Nasi wachungaji tuna kosa letu: tunapenda kutangulia, tunasahau kumkabidhi mtu kazi na kumwamini. Hannington alitangulia, lakini aliacha mtu wa kuwatunza waliobaki. Mtume Paulo anafundisha jambo hilohilo katika 1 Wakorintho 12: viungo ni vingi, mwili ni mmoja.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, tutakaa pamoja tugawe kazi upya: kutembelea wagonjwa, kupokea familia zinazofika, kuchota maji ya kanisa, kufundisha watoto. Kila nyumba ije ikiwa imeomba na kuuliza: Bwana, sisi umetuweka wapi?

Mungu awabariki nyote. Amina.