Bilharz, Daktari wa Minyoo

Likizo moja nilikwenda Mwea kwa shangazi, nikaogelea na binamu zangu katika mifereji ya mashamba ya mpunga. Raha iliyoje! Baadaye, nikiwa huku Kanyakine, tumbo likaanza kunikata na choo kikawa na damu. Niliona haya, nikanyamaza. Mwishowe mwalimu mmoja akanipeleka hospitalini. Mpimaji akanionyesha yai kwenye hadubini, lina mwiba ubavuni. Kichocho! Nikajiuliza, ni nani aliyemgundua mnyoo huyu?

Kumbe ni Theodor Bilharz, aliyezaliwa Sigmaringen, Ujerumani, tarehe 23 Machi 1825. Alisomea udaktari, na mwaka 1850 akaandamana na mwalimu wake, Griesinger, hadi Kairo, Misri. Huko watu wengi walikojoa damu na sababu haikujulikana. Bilharz akawa anapasua maiti hospitalini, kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia. Mwaka 1851 akakuta minyoo ndani ya mishipa ya damu, dume amemkumbatia jike.

Hakuishia hapo. Mwaka huo huo, ndani ya utumbo, alipata tegu mdogo sana ambaye hakuwa amejulikana. Akapata pia mnyoo mwingine ambaye leo tunajua huingia mwilini mtu akila samaki asiyeiva, kama vile mkizi. Yote aliyachora na kumwandikia mwalimu wake wa zamani, Siebold, aliyeyachapisha.

Lakini hata bingwa hukosea. Bilharz aliona mayai yenye mwiba mwishoni na mengine yenye mwiba ubavuni, akadhani yote ni ya mnyoo mmoja. Mwaka 1907 Sambon alisema ni minyoo wawili. Huyo wa mwiba ubavuni ndiye wangu wa Mwea! Mwaka 1915 Leiper naye akathibitisha kwamba minyoo hao hukulia kwanza ndani ya konokono wa majini.

Mwaka 1862 Bilharz alisafiri hadi Massawa, mji wa pwani ulioko Eritrea ya leo. Akashikwa na homa kali, akafa Kairo tarehe 9 Mei. Alikuwa na miaka 37 tu.

Mimi nilimeza vidonge, nikapona. Mtu alikubali kupasua maiti ili tujue adui yetu, nami naona haya kumwambia daktari! Wenzangu, mficha maradhi kilio humfichua.

Mwanachama, Kidato cha Tatu