Metchnikoff: Mwanasayansi aliyetafuta maisha marefu ndani ya maziwa ya mgando

Mnunuzi wa bongo, kama Waganda waitavyo maziwa ya mgando, huko Luzira kando ya bandari ya Port Bell jijini Kampala, huyapima kwa ulimi: uchachu kwanza, kisha ule uzito unaoteleza kooni. Uchachu huletwa na bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Baadhi yao pia hutoa nje ya miili yao minyororo mirefu ya sukari, iitwayo eksopolisakaridi, ambayo huyafanya maziwa kuwa mazito zaidi. Aliyewafanya bakteria hao kuwa gumzo la dunia ni Élie Metchnikoff, mtu ambaye mauti yalimwandama tangu ujana wake.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, katika Ukraine ya leo, na alimaliza masomo ya miaka minne ya chuo kikuu kwa miaka miwili. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, msichana aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu kiasi cha kubebwa kwenye kiti hadi kanisani siku ya harusi. Ludmila alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira. Mumewe alijaribu kujitoa uhai, akanusurika. Alioa tena mwaka 1875. Mke huyo, Olga, alipougua homa ya matumbo miaka michache baadaye, Metchnikoff alishindwa tena kuustahimili ulimwengu, na kwa mara ya pili akapona.

Mwaka 1882, mjini Messina nchini Italia, alichoma miiba midogo katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, vilivyo angavu kama kioo. Asubuhi yake alikuta chembe hai zimeizingira miiba ile. Hapo ndipo alipofahamu jinsi mwili unavyojilinda kwa kuwala wavamizi. Wengi walimpinga kwa miaka mingi. Louis Pasteur alimpa nafasi katika taasisi yake ya Paris mwaka 1888, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Uzee ndio uliomshughulisha mwishoni. Aliamini kwamba bakteria waozeshao chakula ndani ya utumbo mpana humtia mtu sumu polepole. Mwaka 1905 mwanafunzi Mbulgaria, Stamen Grigorov, alikuwa amempata bakteria katika maziwa ya mgando ya kwao, na Metchnikoff alimwona kuwa tiba. Alikunywa maziwa hayo kila siku, na wanunuzi wa Ulaya wakamfuata kwa shauku iliyozidi ushahidi wake. Baadaye watafiti walionyesha kwamba bakteria yule hafanyi makao ya kudumu katika utumbo wa binadamu.

Kosa hilo halikuifuta njia aliyoifungua. Mwaka 2003 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere, walichapisha uchunguzi wa bakteria wa bushera, kinywaji cha mtama au ulezi, na miongoni mwao walikuwemo Lactobacillus na Leuconostoc, jamii mbili ambazo baadhi ya aina zake hutoa eksopolisakaridi. Kuwasaka watoaji hao si kazi ya miujiza. Bakteria hutengwa kutoka kwenye chakula, hukuzwa juu ya lishe yenye sukari, na kundi lao huguswa kwa waya: likivutika kama uzi wa bamia, ni dalili njema. Kisha minyororo hiyo hugandishwa kwa alkoholi baridi na kupimwa uzito. Hata bakteria wa Bulgaria ana aina zitoazo minyororo hiyo, jambo ambalo Metchnikoff hakulihesabu.

Alifariki mjini Paris Julai 1916, vita vikiunguruma, akiwa na umri wa miaka 71. Hakuifikia karne aliyoitafuta. Majivu yake yaliwekwa ndani ya chombo katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.